Kupunguza Hewa Ukaa Tukisafiri kwa Gari Kigoma na Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wenye magari, madereva na abiria wa Kigoma, Ujiji, Kasulu, Uvinza, Urambo na Tabora mjini, ambao wangependa safari zao zichafue hewa kidogo bila kusubiri magari ya kisasa ambayo kwa wengi wetu bei yake bado haishikiki. Majibu mengi yatarudi kwenye hoja moja, na ni vyema isemwe mapema: katika mikoa hii, viti vinavyosafiri vitupu vinaongeza hewa ukaa kuliko aina ya injini iliyo chini ya boneti.

Gari langu linatoa hewa ukaa kiasi gani, na nitaipimaje?

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Wengi hushangaa, kwa kuwa lita yenyewe ya petroli haifiki kilo moja. Uzito unaoongezeka ni wa oksijeni, ambayo kaboni iliyomo kwenye mafuta huichukua hewani wakati wa kuungua. Kwa hiyo huhitaji mashine ya kupimia moshi. Ukizijua lita, umezijua kilo.

Kuzijua lita kwa uhakika kunataka utaratibu kidogo. Nenda kwenye sheli unayoiamini, jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, na umwombe mhudumu asiongezee matone ya kukamilishia shilingi. Rudisha kihesabu safari kwenye sifuri na uendeshe kama ulivyozoea. Tenki likibaki robo, rudi kwenye pampu ileile, simamisha gari palepale liliposimama awali, kwa sababu sakafu iliyoinama hubadilisha kiasi cha mafuta kinachoingia, kisha jaza tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ikiwa umekwenda kilomita 360 na zimeingia lita 30, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita moja, yaani linatoa gramu 190 hivi za hewa ukaa kwa kila kilomita. Rudia kipimo hiki kwa matenki mawili au matatu kabla ya kukiamini, maana wiki ya matope ya Buhigwe hailingani na wiki ya lami ya Kasulu.

Dereva asiye na namba hii hawezi kujua kama ushauri wowote, ukiwemo wa ukurasa huu, umemsaidia au la.

Tanzania inachangia kidogo sana. Kwa nini mtu wa Kigoma ajisumbue?

Ni kweli kwamba mchango wetu katika gesi joto za dunia ni mdogo mno ukilinganishwa na wa nchi za viwanda, na hakuna sababu ya mkazi wa Mwanga au Gungu kubebeshwa lawama ya Ulaya na Marekani. Hata hivyo, sababu mbili zinatosha. Ya kwanza ni ziwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamekuwa yakipata joto, na kwamba joto hilo linapunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, ambao ndio unaopandisha chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa. Ya pili ni mfuko. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kigoma, kwa umbali wake kutoka bandari za pwani, huwa miongoni mwa mikoa inayolipa bei ya juu. Kila lita isiyochomwa ni hela iliyobaki nyumbani, kwa hiyo hata asiyejali habari za tabianchi ana sababu ya kuendelea kusoma.

Kati ya gari binafsi, basi na treni, kipi ni bora kwa safari ya Kigoma hadi Tabora?

Tufanye hesabu kwa kichwa cha abiria, si kwa chombo. Njia ya Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo ina zaidi ya kilomita 400. Tuchukue 400 ili hesabu iwe nyepesi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litachoma lita 33 hivi na kutoa takriban kilo 77 za hewa ukaa. Ukiwa peke yako, kilo hizo zote ni zako. Mkiwa wanne, kila mmoja anabeba 19. Basi kubwa la dizeli huchoma takriban lita 33 kwa kila kilomita 100, hivyo safari nzima hutoa kilo 356 hivi, kiasi kinachotisha kikitajwa chenyewe. Lakini likiwa na abiria 50, kila mmoja anaangukiwa na kilo saba tu. Basi hilohilo likiondoka na abiria kumi, kila mmoja anabeba zaidi ya kilo 35, na hapo gari dogo lenye watu wanne linalishinda kwa mbali.

Treni ya reli ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, huvutwa kwa kichwa cha dizeli, lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana kuliko tairi juu ya lami, na behewa zikijaa mafuta hugawanywa kwa mamia ya watu. Ina kasoro zake, na anayeitumia anazijua: huchelewa, na haiondoki kila siku. Kwa mwenye mzigo na muda, bado ni chaguo la busara kuliko kulitoa gari nyumbani kwa ajili ya mtu mmoja.

Reli ya kisasa ya SGR itabadilisha hesabu hii kwa sababu treni zake ni za umeme. Tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka na Tabora hadi Kigoma viko katika mpango wa ujenzi. Mpaka siku itakapofika stesheni ya Kigoma, hesabu ya viti ndiyo inayotuhusu.

Kama viti ndivyo vyenye uzito, nifanye nini na gari langu mwenyewe?

Swali hili linastahili nafasi zaidi ya mengine. Tazama asubuhi yoyote barabara inayotoka Mwandiga kuingia Kigoma mjini: gari la viti vitano lina dereva peke yake, nyuma yake jingine vilevile, na wote wanakwenda kwenye ofisi zinazotazamana. Jirani hawa wawili wakikubaliana kupokezana wiki kwa wiki, hewa ukaa ya safari yao ya kazini imepungua karibu nusu bila kununua chochote, bila kumwona fundi, na bila kubadilisha mwendo. Hakuna matengenezo wala kifaa kinachouzwa dukani kitakachofikia punguzo hilo.

Yapo mambo ya kuzingatia. Gari binafsi halina leseni ya LATRA ya kubeba abiria kwa malipo, kwa hiyo kuchukua watu stendi na kuwatoza nauli ni kosa, na ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Majirani, wafanyakazi wenzako au waumini wa msikiti au kanisa moja wanaopeana zamu za magari yao, au wanaochangiana mafuta kwa makubaliano yao, wako katika hali tofauti na mtu anayepigia abiria debe. Kubalianeni mapema saa ya kuondoka na muda wa kumsubiri aliyechelewa, maana mipango mingi ya namna hii huvunjwa na mtu mmoja asiyetoka ndani kwake kwa wakati.

Upande wa pili ni gari linalorudi tupu. Noah inayokodiwa kupeleka wageni wa harusi Kasulu asubuhi, ikarudi Kigoma na dereva tu, kisha jioni ikaenda tena kuwachukua, imekwenda safari nne kwa kazi ya safari mbili. Pale inapowezekana, mlipe dereva asubiri. Posho yake ya mchana mara nyingi ni ndogo kuliko mafuta ya kwenda na kurudi. Vivyo hivyo kwa anayefuata bidhaa Tabora: subiri mzigo utimie, au ungana na mwenzako mwenye duka, badala ya kwenda kila wiki na nusu ya gari.

Bodaboda je?

Pikipiki ya kawaida ya bodaboda hutoa takriban gramu 50 za hewa ukaa kwa kilomita, yaani robo hivi ya gari dogo. Mtu mmoja anayekwenda Ujiji kutoka Kigoma mjini kwa bodaboda anachafua kidogo kuliko akiendesha gari peke yake, lakini watu wanne ndani ya gari moja wanalingana naye kwa kichwa, na wanafika bila kunyeshewa. Kwa Tabora, ambako ardhi ni tambarare na miembe ya barabarani hutoa kivuli, safari ya kilomita mbili au tatu ni ya baiskeli. Gari lenye injini ya baridi hula mafuta mengi zaidi katika kilomita hizo za mwanzo kuliko zinazofuata.

Je, mwendo una athari kubwa kiasi hicho?

Una athari kubwa, hasa katika barabara ndefu zilizonyooka kama zile za kati ya Urambo na Tabora. Nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, umeongeza mwendo kwa robo, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Injini inalipia tofauti hiyo kwa mafuta. Magari mengi madogo hutumia mafuta vizuri zaidi yakiwa kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa, gia ya juu ikiwa imeingia na injini ikizunguka polepole.

Muda unaookolewa na wanaokimbia ni mdogo kuliko wanavyodhani. Katika kila kijiji mwendo ni kilomita 50, kuna matuta, kuna mbuzi na ng'ombe, na kuna askari wa tochi. Anayekimbia 120 hupunguza kwa breki kali na kukanyaga mafuta upya kila anapotoka kijijini, na tabia hiyo ya kukanyaga na kushika breki ndiyo inayolimaliza tenki. Dereva mzuri hutazama mbali. Akiona kibao cha kijiji huachia mafuta mapema, na gari hufika kwenye tuta likiwa limeshapungua lenyewe.

Madereva wengi huweka "fri" kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Ni sahihi?

Si sahihi kwa magari ya sasa, na katika milima ya Manyovu na Kasulu ni hatari. Zamani, kwenye injini za kabureta, kutoa gia mteremkoni kulipunguza mafuta kidogo. Injini za sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta hufanya kazi tofauti: ukiachia kanyagio gia ikiwa imeingia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukitoa gia, injini inabaki imekatika kutoka kwenye magurudumu na inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa maneno mengine, aliyeacha gia ndani anashuka bure, na aliyeweka fri analipia.

Jambo la pili ni breki. Gari lisilo na gia hutegemea breki peke yake. Zikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu katikati ya mteremko. Shuka kwa gia uliyopandia, au moja juu yake.

Niache injini ikiunguruma wakati ninasubiri abiria?

Hapana. Gari dogo lililosimama huku linaunguruma huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na zaidi ya hapo kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kama utasimama kwa zaidi ya nusu dakika mahali ambapo huzuii wengine, zima. Hofu kwamba kuwasha hutumia mafuta mengi ni ya enzi za kabureta. Asubuhi pia hakuna haja ya kupasha injini moto kwa dakika kumi; hali ya hewa yetu si ya theluji, na injini hupata joto haraka zaidi ikiendeshwa taratibu.

Upepo wa matairi na mzigo vinahusikaje na hewa ukaa?

Tairi lenye upepo pungufu hulala, hujikunja kila linapozunguka, na hugeuza mafuta yako kuwa joto la mpira. Hasara kwa tairi lililopungua kidogo ni asilimia chache tu, lakini ni asilimia unazozilipa kila siku kwa kitu ambacho hujazwa kwa hela kidogo sana. Tatizo la kwetu ni namna ya kupima. Fundi pancha wengi hupiga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio, au hulitazama tu lilivyokaa. Mbinu hiyo hutambua tairi lililoisha kabisa, haitambui lililopungua robo. Nunua kipimo chako cha mkononi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa la baridi, na ufuate namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambayo kwa kawaida ina safu mbili: moja ya gari lenye watu wachache, nyingine ya gari lililojaa. Anayekwenda Kibondo na familia nzima pamoja na gunia la maharage asiende na upepo wa safu ya kwanza.

Kuhusu keria ya juu, iondoe kama huitumii. Hata ikiwa tupu huchota upepo, na ikiwa imefungwa godoro, ndoo na baiskeli kwa mipira ya tyubu, gari dogo kwenye lami linaweza kupoteza mafuta kwa kiwango ambacho dereva atakiona kwenye mshale wa tenki kabla ya kufika Uvinza. Mzigo unaoingia ndani ya buti uingie ndani ya buti. Na yale mapanga, madumu ya maji yaliyosahaulika na vyuma vya spea vinavyozurura humo tangu mwaka juzi vitoke.

Matengenezo gani hasa hupunguza hewa ukaa?

Anza na moshi, kwa sababu rangi yake inasema mengi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: kwenye dizeli, kichujio cha hewa kimeziba au nozeli zimechoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya silinda. Moshi mweupe unaodumu hata injini ikiwa na joto mara nyingi ni maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Mweusi ndio unaokula mafuta yako moja kwa moja.

Vumbi jekundu la barabara zetu za udongo wakati wa kiangazi huziba kichujio cha hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyotaraji, maana vitabu hivyo viliandikiwa barabara za Japani. Kwenye injini ya kabureta au dizeli kuukuu, kichujio kilichoziba huongeza mafuta. Kwenye petroli ya kisasa huathiri zaidi nguvu kuliko mafuta, lakini kikitoboka vumbi husaga silinda, na huo ndio mwanzo wa moshi wa bluu. Kikipulizwa, kipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Kisioshwe kwa petroli.

Plagi zilizochakaa huacha sehemu ya mafuta bila kuungua, na taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi isifunikwe kwa gundi ya karatasi kama wengine wanavyofanya: sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kuifanya kompyuta imwage mafuta bila kipimo. Oili itumike ya unene ulioelekezwa na mtengenezaji. Fundi anayesema oili nzito ni bora kwa kila gari la zamani anakuongezea msuguano, ingawa kwa injini iliyochoka sana anaweza kuwa na hoja.

Neno kuhusu masega. Kifaa hiki cha kwenye bomba la moshi hakipunguzi hewa ukaa. Kazi yake ni kugeuza gesi zenye sumu, ikiwemo kaboni monoksaidi, kuwa gesi zenye madhara madogo. Ndani yake mna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, ndiyo maana yanawindwa, na baadhi ya mafundi huwashauri wateja wayatoe "ili gari lipumue". Ukikubali, gari halitaokoa mafuta ya maana, na watoto wanaosimama nyuma yake wakisubiri kuvuka barabara watavuta kile ambacho masega yangekizuia.

Dawa za kuongeza kwenye tenki na vifaa vya kuokoa mafuta vinafanya kazi?

Vingi havifanyi. Kama kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara kingepunguza mafuta kwa asilimia 20, watengenezaji wa magari wangekiweka kiwandani. Kilicho na maana zaidi ni kuepuka mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huungua vibaya na kuchafua plagi, kwa hiyo chupa za kando ya barabara vijijini ziwe za dharura tu.

Kigoma ni nyumbani kwa mawese. Je, hatuwezi kuyatumia kwenye magari ya dizeli?

Wazo hili halina ubaya, na lina historia: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hata hivyo, mawese mabichi ni mazito, na kukipoa huanza kuganda, kama kila mpishi wa Kigoma anavyoyaona kwenye chupa asubuhi ya baridi. Yakiingia kwenye gari la kisasa la dizeli yataziba vichujio, yataisumbua pampu na kuacha masizi kwenye nozeli. Ili yafae ni lazima yapitie kiwandani, yachanganywe na methanoli pamoja na kichocheo, na gliserini iondolewe. Hapo ndipo yanapokuwa biodizeli.

Swali la pili ni kama biodizeli hiyo itapunguza hewa ukaa kweli. Mchikichi huvuta hewa ukaa unapokua, ndiyo sababu watetezi wake husema moshi wake unajilipa. Lakini ukikata msitu wa miyombo au wa mtoni ili kupanda michikichi ya kuendeshea magari, kaboni inayotoka kwenye msitu huo na udongo wake inaweza kuchukua miongo mingi kulipwa. Zaidi ya hayo, Tanzania bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora za michikichi ili kuziba pengo hilo. Kwa maoni yangu, lita ya mawese ya Kigoma ina kazi bora jikoni kuliko kwenye tenki.

Haibridi, gesi asilia au gari la umeme: lipi linatufaa sasa?

Haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, huokoa mafuta kwa kukusanya nguvu inayopotea kwenye breki na kuirudisha kwenye betri, kwa hiyo manufaa yake ni makubwa mjini, penye kusimama na kuondoka, na madogo zaidi kwenye safari ndefu za mwendo mmoja. Nyingi zinazofika kwetu ni za mitumba kutoka Japani. Kabla ya kulipa, hakikisha betri kubwa imepimwa, na uulize kama yupo fundi karibu anayeielewa.

Gesi asilia iliyoshindiliwa hutoa takriban robo pungufu ya hewa ukaa ikilinganishwa na petroli, mradi tu isivuje, kwa sababu methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikitoka bila kuungua ni gesi joto kali kuliko hewa ukaa yenyewe. Vituo vya kujazia viko zaidi Dar es Salaam na ukanda wa Pwani. Kwa mtu wa Tabora au Kigoma, mtungi kwenye buti usio na mahali pa kujazwa ni mzigo mtupu.

Gari la umeme linastahili jibu refu kidogo, maana huko nyuma wengi walilipuuza kwa haki. Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli. Gari dogo la umeme hutumia uniti 18 hivi kwa kilomita 100. Uniti hizo zikitoka kwenye jenereta la dizeli hutoa takriban kilo 13 za hewa ukaa, dhidi ya kilo 19 za gari letu la petroli, punguzo ambalo si la kushangaza. Uniti hizohizo zikitoka kwenye mtambo wa gesi asilia hutoa kilo nane hivi, na zikitoka kwenye maji karibu hazitoi kitu. Sasa mkoa umefikiwa na Gridi ya Taifa, ambayo imeongezewa nguvu na bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, na hapa kwetu unajengwa mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5. Kwa hewa ukaa, hoja ya kulikataa gari la umeme imedhoofika.

Kilichobaki ni umbali. Gari la umeme la mitumba lenye betri iliyochoka linaweza kutosha kabisa kwa anayezunguka Kigoma, Ujiji na Mwandiga na kulichaji nyumbani usiku. Halitamfikisha Tabora. Na kwa anayeendesha kilomita chache kwa mwaka, kulitunza gari alilonalo kunaweza kuwa bora kuliko kuagiza jingine, kwa kuwa kutengeneza gari jipya, hasa betri yake, kunatoa tani kadhaa za hewa ukaa kabla halijatembea hata mita moja.

Nikipanda miti, nimefidia safari zangu?

Kwa sehemu. Gari linalokwenda kilomita 15,000 kwa mwaka kwa kilomita 12 kwa lita hutoa karibu kilo 2,900. Makadirio ya kawaida ni kwamba mti mmoja uliokua vizuri huvuta kilo 20 hivi kwa mwaka, kwa hiyo ungehitaji zaidi ya miti 140, hai na iliyokomaa, mwaka hadi mwaka. Kulinda msitu uliopo huleta faida ya haraka kuliko miche. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, jirani zetu, hupata mapato ya hewa ukaa kwa kutunza misitu yao ya asili. Panda miti, lakini usiihesabu kama ruhusa ya kwenda Tabora peke yako.

Kiyoyozi kinaongeza hewa ukaa kiasi gani, na ile gesi yake ina madhara?

Kiyoyozi huongeza matumizi ya mafuta, hasa mjini kwenye mwendo mdogo. Huko fungua madirisha. Kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 80 madirisha wazi nayo huchota upepo, kwa hiyo tofauti hupungua, na hakuna haja ya kuwatesa abiria kwa joto la Oktoba. Gari lililoachwa juani lifunguliwe milango kwa dakika moja kwanza, hewa ya moto itoke, ndipo kiyoyozi kiwashwe.

Gesi yenyewe ni habari kubwa zaidi. Magari mengi tuliyonayo hutumia R134a, ambayo kilo kwa kilo ina nguvu ya kuongeza joto duniani zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ukaa. Gari dogo hubeba nusu kilo hivi. Fundi anapofungua bomba na kuiachia yote ipae hewani ili "aanze upya", dakika hiyo moja imelingana na kuchoma karibu lita 300 za petroli. Kujaza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta inapovujia ni kurudia hasara ileile kidogo kidogo, huku ukiilipia. Kabla fundi hajaanza, muulize kama ana mashine ya kunyonya na kuhifadhi gesi, na kama atatafuta tundu kwanza. Kama hana mashine hiyo na kiyoyozi bado kinapooza, mfumo huo usiguswe. Na gari bovu linapouzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, gesi yake inyonywe kabla mabomba hayajakatwa.